Mfuate kuhani: namna ya kusoma Wafalme na Mambo ya Nyakati kwa pamoja

Ukitaka kuielewa historia ya wafalme wa Israeli na Yuda, usimtazame mfalme peke yake. Kila ukifika kwa mfalme mpya, uliza: kuhani yuko wapi, na madhabahu iko wapi? Ukilishika swali hilo, vitabu ambavyo wengi huviacha katikati vitakufungukia. Usipolishika utabaki na majina tu, Yoramu huyu na Yoramu yule, Ahazia wa kaskazini na Ahazia wa kusini, mpaka usinzie.

Mimi ni mchuuzi wa dagaa na kayabo, samaki waliokaushwa kwa chumvi, pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Si mchungaji wala katekista. Naongoza kikundi cha kusoma Maandiko, na tumechanganyika: watu wa AIC (Africa Inland Church), Wakatoliki, Wasabato wachache, na baba mmoja ambaye haendi kanisa lolote lakini hakosi kikao. Tunakutana siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, taa zao hazina kazi, na sisi tunaowategemea tunapata jioni. Haya ndiyo tunayoyafanya, na nayaandika kwa ajili ya wanaoniuliza jinsi ya kuanzisha kikundi chao.

Vitu vya kuandaa ni vichache. Biblia mbili, si moja: ya kwanza ikae wazi penye Wafalme, ya pili penye Mambo ya Nyakati. Simu inafaa ukiwa kwenye daladala, lakini kwa kazi hii utatelezesha kidole huku na huku hadi upoteze mstari. Karatasi ya manila na kalamu za rangi mbili. Na kama kuna mtu mwenye Biblia ya Kikatoliki, mwalike mapema, utamhitaji mwishoni.

Kabla hujafungua, jua vitabu vyenyewe vimekaa wapi. Katika Biblia zetu vinafuatana, kwa hiyo ukimaliza Wafalme ukaingia Mambo ya Nyakati unaona kama mtu anakusimulia jambo lile lile mara ya pili. Wayahudi hawakuvipanga hivyo. Kwao Wafalme viko kwenye fungu la Manabii, pamoja na Yoshua, Waamuzi na Samweli. Mambo ya Nyakati kiko kwenye fungu la tatu, Maandiko, na katika Biblia nyingi za Kiebrania zilizochapwa ndicho cha mwisho kabisa. Wafalme kinaishia uhamishoni: Yerusalemu imeteketea, na mfalme Yekonia ametolewa gerezani anakula mezani pa mfalme wa Babeli. Mambo ya Nyakati kiliandikwa baadaye, watu wakiwa wamesharudi, na kinaishia kwa Koreshi mfalme wa Uajemi kutoa ruhusa ya kwenda kuijenga nyumba ya Mungu.

Kwa hiyo mwandishi wa kwanza anauliza: tulipotezaje kila kitu? Wa pili anauliza: tumerudi, mfalme hatuna, tumebaki na nini? Jibu lake ni hekalu, makuhani na Walawi. Ukikumbuka hilo hutashangaa kwa nini anahesabu waimbaji na mabawabu ukurasa baada ya ukurasa, huku kisa cha Daudi na Bathsheba hakigusi kabisa.

Sasa tandika manila. Piga mstari katikati, Yuda (kusini) kushoto, Israeli (kaskazini) kulia. Juu kabisa weka Daudi na Sulemani, kisha Rehoboamu na Yeroboamu, ufalme ulipogawanyika, karibu mwaka 930 KK. Kila upande una wafalme 19, na Yuda unaongeza malkia Athalia. Upande wa kulia unakatika mwaka 722 KK, Waashuri walipoutwaa Samaria. Wa kushoto unaendelea hadi 586 KK, Nebukadreza alipoichoma Yerusalemu. Ukishaona upande mmoja wa karatasi ni mtupu kwa urefu wa zaidi ya miaka 130, umeelewa jambo ambalo mahubiri mengi hayakukuambia.

Usijaribu kujumlisha miaka ya wafalme kwa kikokotoo. Kila kikundi kina mtu anayependa kufanya hivyo, na jumla hazikubaliani. Mtu huyo mpe 1 Wafalme 15. Nadabu anaanza kutawala mwaka wa 2 wa Asa, anatawala miaka miwili, na anauawa mwaka wa 3 wa Asa. Maana yake kipande cha mwaka kilihesabiwa mwaka mzima. Tena kuna wakati baba na mwana walishika madaraka kwa pamoja: Uzia alipopata ukoma, mwanawe Yothamu ndiye aliyewahukumu watu. Tumia nguzo chache ambazo hata kumbukumbu za mataifa mengine zinaziunga mkono. Mwaka 841 KK, Yehu anaonekana kwenye jiwe jeusi la Shalmanesa wa Ashuru akitoa kodi. Mwaka 701 KK ni Senakeribu kumzingira Hezekia. Mwaka 597 KK Wababeli waliitwaa Yerusalemu kwa mara ya kwanza, na tarehe yake imo katika vibao vya Babeli. Ukishazichora hizo, wengine utawapanga katikati yake.

Kila mfalme ana fomu yake. Ukiisoma mara tatu utaijua kwa moyo: alianza mwaka fulani wa mwenzake wa upande wa pili, alitawala miaka kadhaa, mama yake ni fulani, alifanya mema au mabaya machoni pa Bwana, na mambo yake mengine yameandikwa katika kitabu cha tarehe cha wafalme. Kitabu hicho cha tarehe hatunacho tena, kimepotea. Mwandishi anatuambia wazi kwamba anachagua, na anayetaka vita na majengo aende kusoma kule. Yeye anatafuta jambo moja, watu walimwabudu nani na kwenye madhabahu ipi.

Ndiyo maana Omri amepewa mistari michache tu. Alinunua kilima kwa Shemeri kwa talanta mbili za fedha akajenga Samaria, akafa. Mfalme huyu alikuwa mkubwa kiasi kwamba Waashuri waliendelea kuiita Israeli nchi ya Omri hata ukoo wake ulipokwisha kuondolewa, na Mesha mfalme wa Moabu alimtaja kwenye jiwe lake. Kwa mwandishi wetu hilo si kitu. Alifanya mabaya, basi.

Akina mama wa kikundi chetu walitambua jambo ambalo wanaume walilipita. Upande wa Yuda, karibu kila mfalme anatajwa mama yake: Rehoboamu ni mwana wa Naama Mwamoni, Yosia ni mwana wa Yedida. Upande wa Israeli mama hawatajwi hivyo, isipokuwa Serua mama wa Yeroboamu. Tukaanza kuwaandika kwa rangi nyekundu. Unapata kuona ukoo mmoja unaoshikwa kwa uangalifu kushoto, na kulia mapinduzi juu ya mapinduzi. Zimri alikaa siku saba tu.

Sasa kazi yenyewe, kumfuata kuhani.

Anza na 1 Wafalme 1 na 2. Daudi mzee, hapati joto, na wanawe wanagombea kiti. Adonia amempata kuhani Abiathari, Sulemani amempata kuhani Sadoki. Sulemani anashinda, na Abiathari anafukuzwa kwenda Anathothi kwenye shamba lake. Andika Anathothi pembeni ya manila, kwa sababu miaka mingi baadaye Yeremia atatokea huko huko, katika ukoo wa makuhani. Kisha fungua Mambo ya Nyakati utafute ugomvi huo. Haupo. Daudi anamkabidhi Sulemani ufalme mbele ya mkutano, pamoja na ramani ya hekalu. Mwacheni kila msomaji akae na tofauti hiyo kwanza kabla mtu hajaanza kuieleza.

Kisha Yeroboamu, sura ya 12. Anaogopa kwamba watu wakiendelea kwenda kutoa sadaka Yerusalemu, mioyo yao itarudi kwa ukoo wa Daudi. Anatengeneza ndama wawili wa dhahabu, mmoja Betheli, mmoja Dani, na anaweka makuhani wasio wa Lawi. Mzee mmoja wa Ukerewe, aliyevua miaka mingi kabla magoti hayajamkataa, alisikiliza sura hii akasema, "Huyu hakuwa na shida ya dini, alikuwa na shida ya barabara." Sijasikia maelezo bora zaidi. Watu wakisafiri kwenda mji wa mwenzako kila sikukuu, kodi zao na utii wao vinasafiri nao. Tangu hapo kila mfalme wa kaskazini anapimwa kwa dhambi ya Yeroboamu mwana wa Nebati, na sura ya 17 ya 2 Wafalme inalitaja jina lake tena wakati wa kueleza kwa nini nchi ile ilianguka.

Ukifika kwa Yehoyada usiharakishe. Tenga jioni nzima. Athalia ameua uzao wa kifalme, na mtoto mmoja, Yoashi, ameibwa na shangazi yake Yehosheba na kufichwa hekaluni miaka sita. Mwaka wa saba kuhani Yehoyada anamtoa, anamvika taji, na Athalia anauawa. Soma 2 Wafalme 11, halafu 2 Mambo ya Nyakati 23, ukiweka kidole kila mahali. Katika Wafalme, wanaoingia hekaluni na silaha ni Wakari na askari walinzi. Katika Mambo ya Nyakati ni Walawi, na kuhani anaonya kwamba asiingie mtu nyumbani mwa Bwana isipokuwa makuhani na Walawi wanaohudumu. Tukio ni lile lile. Lakini mwandishi wa pili hawezi kukubali askari wa kukodiwa wakanyage patakatifu. Tena yeye ndiye anayetuambia kwamba Yehosheba alikuwa mke wa Yehoyada, na hapo mambo mengi yanaeleweka: mtoto angefichwaje hekaluni miaka yote hiyo bila mtu wa ndani?

Sura inayofuata ndiyo watu wangu wanaipenda kuliko zote. Yoashi anaagiza fedha zinazoletwa hekaluni zitumike kukarabati nyumba. Mwaka wa 23 wa kutawala kwake, hakuna kilichokarabatiwa. Fedha zimeingia, nyufa ziko pale pale. Basi kuhani Yehoyada anachukua kasha, anatoboa tundu kwenye kifuniko, analiweka karibu na madhabahu. Likijaa, wanakuja wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wanahesabu pamoja na kufunga kwenye mifuko. Mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye kikoba anajua kwa nini: ndilo sanduku letu lenye kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu. Mama mmoja mweka hazina wa kikoba alisoma mistari hiyo kwa sauti kisha akairudia bila kuombwa.

Linganisha hapo napo. Wafalme kinasema fedha ile haikutengenezea vyombo vya fedha vya nyumba ya Bwana, ililipa maseremala na waashi. Mambo ya Nyakati kinasema iliyobaki baada ya kazi ilitengeneza vyombo. Wa kwanza anataka ujue fedha haikuchezewa, wa pili anataka ujue ibada ilikamilika. Kisha soma mwisho wa 2 Mambo ya Nyakati 24, ambao katika Wafalme haupo: Yehoyada anakufa na miaka 130, anazikwa pamoja na wafalme, kuhani katika makaburi ya wafalme! Na Yoashi, mtoto yule yule aliyelelewa hekaluni, anaamuru Zekaria mwana wa Yehoyada apigwe mawe uani mwa nyumba ya Bwana.

Baada ya Yehoyada, mwende kwa Uzia. Wafalme kinasema tu kwamba Bwana alimpiga akawa na ukoma hadi kufa kwake. Kwa nini? Hakisemi. Nenda 2 Mambo ya Nyakati 26. Uzia amepata nguvu, moyo umeinuka, ameingia na chetezo kufukiza uvumba. Kuhani Azaria anaingia nyuma yake pamoja na makuhani 80 na kumwambia kazi hiyo si yake. Ukoma unamtokea kwenye paji la uso hapo hapo.

Hapa patatokea mabishano, na yaache yatokee, maana kuna mtu atarudi nyuma aonyeshe 1 Wafalme 9:25, Sulemani akitoa sadaka mara tatu kwa mwaka na kufukiza uvumba, bila mtu kumkemea. Daudi naye alivaa naivera ya kitani, vazi la kikuhani, akicheza mbele ya sanduku la agano. Mimi naona hivi: mpaka kati ya kiti cha mfalme na madhabahu haukuchorwa siku moja. Hadithi za awali zinamruhusu mfalme kusogea karibu. Mwandishi wa baadaye, anayeishi bila mfalme na mwenye makuhani tu, anauchora mstari mnene. Wenzangu wawili hawakubaliani nami, wanasema Sulemani alitoa kwa mikono ya makuhani. Inawezekana.

Ahazi mpitie kwa haraka, lakini usimruke. Aliona madhabahu Dameski akaipenda, akatuma mfano wake kwa kuhani Uria, na Uria akaijenga kabla mfalme hajarudi. Mweke Uria karibu na Azaria wa Uzia uwatazame wote wawili.

Kwa Hezekia, hesabu kurasa tu. Wafalme kinatumia kama mstari mmoja kwa usafishaji wa ibada, na sura nzima nzima kwa vita vya Senakeribu na ugonjwa wa mfalme. Mambo ya Nyakati kinageuza: sura tatu za kusafisha hekalu, Pasaka na mafungu ya makuhani, halafu Senakeribu, ugonjwa na wageni wa Babeli wanabanwa katika sura moja. Senakeribu mwenyewe aliandika kwamba aliteka miji 46 na kumfungia Hezekia kama ndege katika tundu. Hakuandika kwamba aliingia Yerusalemu.

Yosia anajulikana. Kuhani Hilkia anakiona kitabu cha torati hekaluni mwaka wa 18 wa mfalme huyo, Shafani mwandishi anakisoma, na wanaotaka kujua maana wanakwenda kwa nabii mwanamke, Hulda. Waulize kikundi: kwa nini hawakwenda kwa Hilkia mwenyewe? Na ukifika mwisho, 2 Wafalme 25, msimwangalie Sedekia tu akitobolewa macho. Kuhani mkuu Seraya anauawa Ribla, mbele ya mfalme wa Babeli. Ezra, atakaporudi na torati mkononi, anatajwa kuwa wa uzao wa Seraya huyo.

Penye vitabu viwili kupingana, kanuni yetu ni moja: andika vyote viwili, usikimbilie kuvipatanisha. Kiwanja cha kupuria alichonunua Daudi kimelipiwa shekeli 50 za fedha katika 2 Samweli 24, na shekeli 600 za dhahabu katika 1 Mambo ya Nyakati 21. Aliyemchochea Daudi kuhesabu watu kule ni hasira ya Bwana, huku ni Shetani. Manase ndiye anayebeba lawama ya kuanguka kwa Yuda katika Wafalme. Katika Mambo ya Nyakati anakamatwa, anapelekwa Babeli, anatubu, na anarudishwa kwenye kiti. Ukiwa mtu uliyerudi kutoka Babeli, ungependa kusomewa Manase yupi?

Zile sura tisa za mwanzo wa 1 Mambo ya Nyakati, zilizojaa vizazi, msianze nazo, mtapoteza watu. Zirudieni mwishoni. Tulipozirudia, mzee wa Kisesa, ambaye anaweza kukutajia watemi wa kwao bila karatasi, aliisikiliza sura ya 6 yenye orodha ya makuhani tangu Haruni hadi uhamishoni, akauliza, "Na Yehoyada yuko wapi?" Tukatafuta. Sadoki yumo, Hilkia yumo, Seraya yumo. Yehoyada hayumo. Uria naye hayumo. Tulikaa juu ya swali hilo hadi mama mwenye nyumba akaanza kuzima taa.

Kisha somo la mwisho, na hapa ndipo Biblia ya Kikatoliki inahitajika. Fungua 1 Mambo ya Nyakati 24, mafungu 24 ya makuhani yakipigiwa kura. La kwanza ni la Yehoyaribu, la nane ni la Abiya. Mwambie mmoja asome Luka 1:5, amtafute Zekaria baba yake Yohana ni wa zamu ipi. Halafu mwenye Wamakabayo asome kitabu cha kwanza, sura ya 2, mstari wa kwanza: Matathia ni kuhani wa ukoo wa Yoaribu, ndiye huyo Yehoyaribu. Ruka hadi sura ya 14. Mwanawe Simoni, karibu mwaka 140 KK, anakubaliwa na watu kuwa kiongozi wao na kuhani mkuu, hadi atakapotokea nabii mwaminifu. Watawala wa ukoo huo waliofuata wakavaa taji la ufalme pia.

Hapo rudisheni Biblia ya pili kwenye 2 Mambo ya Nyakati 26, kwa Uzia na chetezo chake, na mwanzishe mabishano upya. Kama ni mara ya kwanza kikundi kukutana, gawanyeni kazi hii kwa mbalamwezi nne, na ya Yehoyada iwe peke yake.